Rustam Aingia Kisaki

Kisaki haina bahari wala magofu ya mawe. Iko kusini ya milima ya Uluguru, katika bonde la Mgeta, reli ya TAZARA inapita hapo na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iko jirani. Ukisema unataka kuwafundisha watoto wa huko tenzi za mashujaa wa Uajemi na misikiti ya Kilwa, hatakosekana wa kukuuliza kama umekosa shughuli. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ufundi, na mwenye kuiweza namvulia kofia.

Mwalimu hodari haanzi na tarehe. Kwamba Firdausi, mshairi wa Uajemi, aliikamilisha Shahnama yake karibu na mwaka 1010, na kwamba ina beti zipatazo 50,000, hayo yatasemwa baadaye. Anaanza na simba. Rustam, shujaa wa Shahnama, amelala nyikani, safari imemchosha. Simba anatokea, na Rakhsh, farasi wake, anampiga kwato na kumrarua kwa meno mpaka anakufa. Rustam anaamka, anamwona simba chini, na badala ya kushukuru anamkaripia farasi: kwa nini hukuniamsha?

Mtoto aliyewahi kukesha kwenye dungu akilinda mpunga usiliwe na nguruwe na tembo haelezwi maana ya usiku wa nyikani. Atakachofanya ni kubisha. Huyu atasema farasi hamwezi simba hata kidogo, yule atasema Rustam hana fadhila. Mwalimu asiwanyamazishe, kwani hapo tayari wanasoma.

Kisa cha Suhrabu, mwana wa Rustam, ni kizito zaidi, na hicho ndicho kipimo changu cha mwalimu. Baba na mwana wanapambana vitani bila kujuana, kila mmoja kwa upande wake. Baba anamchoma mwana, ndipo anapokiona mkononi mwake kito alichomwachia Tahmina, mama wa kijana. Wako walimu ambao wakifika hapo huvamia ubao na kuandika MAFUNZO, moja, mbili, tatu. Kufanya hivyo ni kumuua Suhrabu mara ya pili. Aliye fundi hukaa kimya kidogo, kisha huuliza: nani alimficha nani jina lake, na kwa nini?

Baada ya kisa huja kazi ya vidole. Wanafunzi wanatakiwa kukigeuza kuwa utenzi. Kila nusu ya mstari wa Firdausi ina mizani 11, na nusu hizo mbili hufungwa kwa kina kimoja, kisha mstari unaofuata huja na kina chake. Utenzi wetu una vipande vinne vya mizani nane: vitatu vya kwanza vinalingana vina, na cha nne kinabeba kina cha bahari, kile kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Watoto huhesabu kwa vidole wakinong'ona, na atakayezidisha mizani moja atasahihishwa na jirani yake kabla mwalimu hajafumbua mdomo. Ndipo wanapoambiwa kwamba wako waliowatangulia. Mwengo wa Athumani wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, zaidi ya beti 1,000 juu ya vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi. Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia utenzi vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, na hivyo si vya mbali.

Upande wa majengo nao una hila yake, nayo ni kuanza na nyumba ambayo mtoto anaijua. Kisaki bado kuna kuta za fito na udongo. Basi mwalimu huwapeleka Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako waakiolojia walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti na udongo iliyoanzia karne ya 8. Jiwe lilikuja juu ya fito. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba mji ni wa mbao, ingawa Msikiti Mkuu ulikuwa umeshasimama.

Hapo pana jambo la kusemwa bila kuzungusha. Tarikh ya Kilwa inasema Ali bin al-Hasan, mwanzilishi wa utawala wa huko, alitoka Shiraz, Uajemi, na maandishi ya Kufi kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107, yanaonyesha kwamba Uajemi na pwani yetu vilijuana. Lakini anayewaambia watoto kwamba Waajemi walituletea kila kitu anawadanganya. Matumbawe yalikatwa hapa pwani yakiwa mabichi na laini, yakaachwa yakauke. Chokaa ilichomwa hapa. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwa kuwa boriti haivuki mbali, na kwa sababu hiyo vyumba vya majumba ya kale vikawa virefu na vyembamba. Kuba za Kilwa ziliuvuka mpaka huo, kwani kuba haihitaji boriti.

Kisha wanatoka nje na kamba. Vigingi viwili, kamba yenye urefu sawa na nafasi kati yake, matao mawili yanachorwa yakutane juu, na tao lenye ncha limepatikana kwenye vumbi. Miraba miwili iliyopishana inatoa nyota yenye ncha nane. Ziunganishe ncha hizo na utapata umbo la birika la Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Hesabu ambayo darasani ilikuwa adhabu sasa inagombewa.

Watu wa bonde hili si wageni wa habari za pwani. Misafara ilipita huku, nchi ya Wakutu, na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitua Zungomero mwaka 1857. Kilichopungua ni vitabu. Kwa hiyo wewe mwenye nakala ya ziada ya Tambuka, au ramani ya Kilwa Kisiwani iliyolala kabatini, ifunge vizuri na uipakie TAZARA. Kituo cha Kisaki kipo.