"Nakubali" ni ya Nani?

Sisi watu wa fasihi tuna unafiki fulani. Riwaya ya kurasa mia tatu tutaichambua mpaka koma, lakini masharti ya apu ya mkopo, maandishi yanayoweza kukuharibia jina kwa shangazi yako, tunayaruka kwa kidole gumba. Kwa hiyo miezi hii nimekuwa nikiyasoma kama ninavyosoma hadithi. Nani anasimulia? Anamwambia nani? Nani yumo ndani lakini hapewi sauti?

Nianze na kitufe cha mwisho, maana ndicho kila mtu anakijua. Nakubali. Hata kikija kwa Kiingereza, maana ni hiyo. Ni sentensi kamili, ina nafsi ya kwanza, lakini aliyeiandika si wewe. Kampuni imekuandikia mstari wako na kukupa uuseme, na mwigizaji mwenyewe ana haraka kwa sababu anataka elfu mbili ya kulipa stima kabla ya saa kumi na mbili.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Kukubali si kuridhia. Mtu hukubali akiwa amechoka, ndiyo maana tunasema "nimekubali yaishe." Ridhaa ni ndugu wa radhi, ile ambayo mzazi anakupa kwa moyo wake, na huwezi kumbonyeza mzazi akatoa radhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa: iwe wazi, iwe huru, iwe kuhusu jambo maalum, na mtu awe amejulishwa. Kitufe kinatoa kukubali. Hiyo tofauti peke yake ingetosha makala, lakini si ndiyo inayonikera zaidi.

Kinachonikera ni ile na-. Ni umoja. Nakubali, mimi mmoja. Sasa fungua simu yako uangalie apu inaomba nini: majina yote uliyohifadhi. Yangu ina Mama Mboga wa Stage, Fundi wa Maji, Njeri Chama, Auntie Kisumu, Daktari wa Meno, na mtu mmoja anayeitwa Usishike. Hakuna hata mmoja wao aliyebonyeza kitu. Sarufi ni ya umoja, mzigo ni wa wingi. Kitabu cha namba ndicho tawasifu ambayo kila mmoja wetu anaandika bila kujua, na kama tawasifu zote, kimejaa watu ambao hawakuombwa ruhusa kuwa wahusika.

Niliwahi kuwa mhusika katika ya mtu mwingine. Ujumbe uliingia kutoka kwa wakopeshaji fulani, namba siijui, ukianza "Mpendwa mteja." Sikuwa mteja. Aya ya pili ikaniambia kwamba jirani yangu wa zamani, jina lake kamili limeandikwa, ana deni, limechelewa siku kadhaa, na nimshauri alipe "kwa heshima yake." Ukiusoma kama matini, ni kazi ya ustadi wa kutisha. Sauti ya mzee wa kijiji, adabu tele, na katikati ya adabu kisu. Msomaji aliyelengwa hata si mimi. Mimi nilikuwa ukuta tu, ujumbe unigonge umrudie yeye akijua kwamba nimejua. Alikuwa amehama mtaa miaka miwili. Tulikuwa hatuongei, na baada ya hapo ndiyo kabisa, kwa sababu utaanzaje?

Na si hadithi ya mtaa mmoja. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022 zilikataza kutumia majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe akishindwa kulipa. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kupitia watu wengine, kisha kuwapigia na kuwatumia jumbe za vitisho. Soma kosa lenyewe polepole: namba zilipatikana kupitia watu wengine. Yaani kupitia ile na- ya mtu mmoja.

Sasa njoo kwenye utanzu ambao magazeti yetu yanaupenda: vidokezo vya kujilinda mtandaoni. Badilisha paswadi. Usibofye linki usiyoijua. Usimpe mtu PIN. Sawa, fanya hivyo, ni ushauri mzuri na umeokoa pesa za watu. Lakini kama uandishi, una kasoro ileile ya kitufe: unamwona msomaji akiwa peke yake. Kila sentensi ni "wewe, wewe, wewe." Paswadi yangu iwe na herufi kubwa na alama za ajabu kiasi gani, haimlindi Auntie Kisumu, maana jina lake halikuibiwa kwake. Lilitoka kwangu. Au kwa binamu. Au kwa chama.

Angalia pia daftari la getini. Kabla ya kupanda lifti ya jengo lolote hapa Nairobi, soja anakusukumia kitabu: jina, namba ya kitambulisho, simu, unamwona nani, sahihi. Unapoandika yako unasoma za watu kumi na tano waliokutangulia. Ni maandishi ya umma kuliko mashairi yote tunayochapisha, na ukiwa na kamera unaondoka na ukurasa mzima wa bidhaa. Hakuna anayeshangaa, labda kwa sababu tumezoea kuandikwa. Mkoloni alimfunga Mwafrika kipande shingoni, ndani yake alama za vidole na historia ya mshahara wake, na hadi leo mtaani kitambulisho bado kinaitwa kipande. Neno limekumbuka, sisi tumesahau.

Katiba, Kifungu cha 31, inatupa haki habari zetu na za familia zisidaiwe wala kufichuliwa bila lazima. Hilo la "bila lazima" ndilo neno la mhariri. Unachukua kila neno kwenye ukurasa na kuuliza, ukitoka wewe, kitu gani kitaharibika? M-Pesa imefanya uhariri kidogo: ukilipa kwa till, mwenye duka anaona namba yako ikiwa imefichwa tarakimu za kati. Nyota chache tu, na biashara inaendelea. Ningependa kuona daftari la getini likipita chini ya kalamu hiyo.

Wakati mwingine hata kitufe hakihitajiki. Juni 2021 Wakenya waliingia eCitizen na kujikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Twitter ilicheka siku mbili, manze tulicheka, lakini fikiria ni matini ya aina gani ile: mtu amekaa mahali na jina lako na namba ya kitambulisho chako, akasema "nakubali" kwa sauti yako.

Worldcoin ilikuja na kufanya kinyume, ililipa. Foleni KICC, mboni za macho zikipigwa picha, na sarafu za kidijitali za takriban shilingi elfu saba. Wengi waliwacheka waliopanga foleni. Mimi naona hiyo ndiyo "nakubali" iliyokuwa na bei iliyoandikwa, na bei ikaharibu ridhaa. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Miongoni mwa kasoro ilizoona ni kwamba ridhaa ilivutwa kwa kishawishi cha pesa.

Sheria ya 2019 ina kifungu ambacho hakinukuliwi sana, cha 28: data ya mtu ikusanywe kutoka kwake mwenyewe, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Na kifungu cha 26 kinampa kila mtu haki ya kuuliza na kudai habari za uongo au za kupotosha zifutwe. Kila mtu, hata yule aliye kwenye simu ya mwenzake kwa jina la Usishike. Nimejaribu kumwandikia mstari wake, kwa kuwa kampuni hazitamwandikia:

"Mlinitumia ujumbe kuhusu deni la mtu mwingine. Mimi si mteja wenu na sijawahi kukubali chochote. Nielezeni kwa maandishi mlipata wapi jina na namba yangu, mmempa nani, na mtaacha lini kuvitumia. Msiponijibu nitapeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data."

Maneno yasiyofika hamsini. Nakili, badilisha unachotaka, tuma.