Ugonjwa Uliofunua Mioyo

Katika The Naked Time (1966), kipindi cha mfululizo wa Star Trek, msafiri wa anga anavua glavu kwenye sayari ngeni, kisha anarudi chomboni na ugonjwa usiojulikana. Hauleti jambo jipya, unafunua yaliyofichwa. Spock, asiyeonyesha hisia, analia: hakuweza kumwambia mama yake kwamba anampenda. Katika Marko 7 Bwana anafundisha kwamba unajisi hutoka moyoni. Hapa tunaona kwamba hata upendo ulionyamazishwa umefungiwa humo humo. Lakini mwisho unatupungukia. Daktari anadunga sindano, wote wanarudi kazini, wala hatumwoni Spock akimtafuta mama yake. Kupona si kutubu. Sisi tulio na wa kumwambia, tusingoje kuugua.