Mkono Unapokutana na Bega

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi amesoma au amepita tu chuoni, usianze na michoro yake. Tazama begani, pale mkono wa koti unapoungana na kiwiliwili. Kichwa cha mkono hukatwa kirefu kuliko tundu linaloupokea. Kwa koti la sufu kinaweza kuzidi sentimita mbili, tatu, wakati mwingine nne. Ziada hiyo haikatwi wala haifanywi marinda. Mshonaji huikusanya kwa uzi, akaisambaza kidogo kidogo kuzunguka bega, kisha akaipiga pasi ya mvuke mpaka kitambaa kikubali umbo la mviringo. Akipatia, hakuna atakayegundua kwamba kulikuwa na ziada. Akikosea, bega linajaa vifinyo, na mvaaji akiinua mkono kushika bomba la daladala, koti zima linapanda naye.

Mafundi wa kanzu wa pwani walilitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine kabisa. Kanzu ya asili haina kichwa cha mkono. Imejengwa kwa vipande vilivyonyooka: badani ya mbele na ya nyuma, taharizi za ubavuni za kuipa upana, mikono iliyonyooka, na chini ya mkono kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Mtu asiyejua ataona kiraka. Kumbe kipande hicho ndicho kinachomwezesha mvaaji kuinua mikono yote miwili kwa takbira, huku pindo likibaki palepale kwenye vifundo vya miguu. Tena kwa kuwa karibu kila kipande kimenyooka, kitambaa kinachobaki sakafuni ni kidogo mno. Siku hizi vyuo vya mitindo vya Ulaya vinafundisha ukataji usioacha mabaki kama somo la kisasa, na ni somo zuri. Lakini mwalimu wa Afrika Mashariki anayelifundisha bila kuitandaza kanzu mezani na kuifumua mbele ya wanafunzi amewanyima mfano ulio karibu nao kuliko yote.

Nasifu ukataji, basi, na si uchoraji. Mchoro wa gauni ni ahadi, na kuahidi ni rahisi. Kazi inaanza pale mtu anapotakiwa kugeuza karatasi bapa kuwa kitu kitakachokaa kwenye mwili wenye kifua, mgongo, nyonga na mazoea ya kukaa vibaya.

Fundi cherehani wa mtaani analijua hilo kwa mikono yake. Anakupima kwa futi, anaandika tarakimu nane au tisa kwenye daftari lililochakaa, kisha anakata kitenge moja kwa moja kwa chaki na mkasi, bila paterni. Nawaheshimu sana watu hawa. Hata hivyo, ujuzi wake huishia kwa mteja aliyesimama mbele yake. Mwambie atoe gauni lilelile kwa saizi sita, uone atakavyohangaika. Mwili ukinenepa haupanuki kila mahali kwa kipimo kimoja: kifua na kiuno huongezeka haraka, bega huongezeka kidogo tu. Kujua wapi pa kuongeza na kwa kiasi gani, na kuyaandika hayo kwenye paterni ili mtu mwingine asiyekujua aweze kushona bila kukuuliza, ndilo jambo ambalo chuo kinalifundisha vizuri kuliko kibanda.

Chuo pia kinafundisha kitambaa chenyewe. Mwanafunzi anajifunza kutofautisha mtande na mshindio, na kwa nini suruali iliyokatwa bila kufuata mtande hujisokota mguuni baada ya kufuliwa. Anajifunza kukata mshazari, ufundi ambao Mfaransa Madeleine Vionnet aliufikisha mbali kuliko wote waliomtangulia. Vionnet aliingia kwenye ushonaji akiwa bado mtoto, akafungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912, na alibuni kwa kuvika kitambaa mwanasesere mdogo wa mbao, si kwa kuchora. Kitambaa cha mshazari hunyumbulika na kuufuata mwili, lakini pia huvutwa na uzito wake. Ndiyo maana sketi ya aina hiyo huachwa ikining'inia usiku mzima kabla pindo halijasawazishwa. Mwenye haraka atajuta siku ya pili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mbunifu Mwingereza Alexander McQueen. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kujifunza kushona makoti Savile Row, London, kwa Anderson & Sheppard, kisha Gieves & Hawkes. Baadaye alibisha hodi chuo cha Central Saint Martins akitafuta kazi ya kufundisha ukataji. Bobby Hillson, aliyeongoza shahada ya uzamili ya mitindo, akampa nafasi ya kusoma badala ya kazi. Mwaka 1992 mkusanyiko wake wa kuhitimu ulinunuliwa wote na mhariri wa mitindo Isabella Blow. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba ni bahati ya kuonwa na mtu mkubwa. Mimi nakisoma vingine: chuo kilimpokea mtu ambaye mikono yake ilikuwa imeshasoma, kikampa historia, maktaba na ruhusa ya kuvunja kanuni alizozijua tayari.

Kwetu milango ipo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha ubunifu wa mavazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za nguo, vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha ubunifu na ushonaji, na Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda kizima, Rivatex cha Eldoret, mwaka 2007. (Mbunifu Mtanzania Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari. Njia si moja.) Ninalolalamikia ni hamu ya jukwaa. Mwanafunzi hutumia muhula mzima akiandaa mavazi ya kupita mbele ya kamera kwa dakika chache, halafu anahitimu bila kujua gauni lake limegharimu mita ngapi, vifungo vingapi na saa ngapi za cherehani.

Ajira haiulizi kuhusu jukwaa. Viwanda vya Athi River nchini Kenya vinavyoshona kwa soko la Marekani hupokea miundo kutoka kwa wanunuzi; kinachohitajika ni mtu wa kutengeneza paterni, kuigawa kwa saizi na kupanga vipande juu ya kitambaa ili sentimita mbili zisipotee kwenye kila shati, maana mashati ni maelfu. Anayefungua duka lake naye ana mshindani mkali: mtumba. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya ushuru. Mabishano hayo ya kisera yana wenyewe. Mbunifu akumbuke tu kwamba mteja wa masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba ameshazoea koti lililokatwa vizuri kwa bei ya chini.

Kwa hiyo mtumba na uwe kitabu. Mwanafunzi anunue koti la kiume lililochakaa, akae na wembe, afumue mshono mmoja mmoja. Ataona bitana ilivyoachiwa nafasi mgongoni ili isichanike, kitambaa kigumu kilichofichwa kifuani, na ile ziada ya mkono niliyoitaja. Kisha avipige pasi vipande vyote, avichore kwenye karatasi, na ashone koti jipya kwa kitambaa cha marekani. Hakuna ada ya muhula inayonunua somo hilo.

Nawe mzazi, ukiletewa fomu ya kujiunga na shahada ya mitindo ili uitie sahihi, usiikatae, wala usiombe kuonyeshwa michoro. Mwambie mwanao akushonee suruali, uivae kazini wiki nzima, ndipo mzungumze habari za ada.