Ngoma ya Mwindo na Mlio wa Arifa: Uhakiki wa Sauti Inayotangaza

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno: mlio ambao spika inayoongozwa kwa sauti huutoa inapotaka kumwarifu mwenyewe kwamba kuna habari. Spika za aina hii, mathalani Amazon Echo iliyotolewa Marekani mwaka 2014, huamrishwa kwa kusemeshwa tu. Mwenye nyumba huiambia ipunguze sauti au ikae kimya usiku, na akitaka mlio mwingine huuchagua katika programu iliyo kwenye simu yake. Hoja ya makala ni kwamba kurekebisha mlio si suala la ufundi peke yake. Ni suala la lugha na la mamlaka: nani huamua sauti ipi iseme nini, na nani ana haki ya kuinyamazisha? Swali hili lilikwisha kuulizwa zamani katika utendi wa Mwindo, ambao ni mali ya Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, pande zile ambako Ntoto inapakana na Masisi.

Utendi huo, ambao kwa Kinyanga ni wa utanzu uitwao karisi, ulisimuliwa na fanani Rureke kwa siku 12 mwaka 1956. Daniel Biebuyck aliukusanya, na akishirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu mzaliwa wa Unyanga, akauchapisha mwaka 1969. Kisa chake kinajulikana. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anapiga marufuku wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa licha ya amri hiyo, na tangu siku hiyo anatembea na kusema. Baba anajaribu kumwua kwa mkuki, kisha kwa kumzika, asifaulu. Mwishowe anaamuru mtoto atiwe ndani ya ngoma, ngoma ifunikwe kwa ngozi, itupwe mtoni. Ngoma inaelea. Mwindo anaimba akiwa ndani yake, akijitaja kwa jina na kueleza safari yake ya kwenda kwa shangazi yake, Iyangura.

Ni rahisi kuisoma ngoma hii kama jeneza, au kama tumbo la pili la uzazi. Usomaji huo haukosi msingi, lakini unasahau kwamba ngoma ni chombo cha kutangazia. Shemwindo hakuchagua mtungi wala kikapu. Alichukua chombo ambacho kazi yake ni kupaza sauti, akakigeuza kuwa chombo cha kuzibia sauti. Kinaya cha utendi kimo hapo: kile alichokusudia kiwe kimya cha milele ndicho kilichombebea Mwindo sauti yake mpaka mbali. Huenda ikasemwa kwamba ngoma yenyewe haipigwi, na kwamba kinachosikika ni sauti ya mtu. Pingamizi hilo linaikaza hoja badala ya kuilegeza. Katika Mwindo, mlio na ujumbe havitengani. Anayesikia anajua papo hapo nani anasema, na kwa nini.

Sifa hiyo haipatikani katika utendi peke yake. Karibu na Kisangani, katika eneo la Yakusu, John Carrington aliwachunguza Walokele na ngoma zao za mgogo, akachapisha kitabu chake mwaka 1949. Alionyesha kwamba ngoma hizo hufuata toni za juu na za chini za lugha, na kwamba maneno yanayofanana kwa toni hutofautishwa kwa kurefushwa kuwa mafungu ya maneno yaliyozoeleka. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kwa hiyo hakikuweza kufuata njia hiyo. Jamii zake zilitofautisha milio kwa chombo na kwa wakati. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu hazikupulizwa ovyo, bali katika hafla za watu wa daraja maalumu. Mbiu nayo ilikuwa na mahali pake, na methali hutukumbusha kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa njia zote mbili, msikilizaji alipewa maana kabla hajauliza.

Tukiupima mlio wa spika kwa kigezo hiki, upungufu wake hujitokeza. Mlio mfupi husikika, taa ya manjano humeremeta, na kinachojulikana ni kwamba kuna kitu tu. Kwa haki, watengenezaji hawakulisahau suala la daraja za milio. Sauti ya kengele na ya arifa hupangwa mbali na sauti ya muziki, na mtu akiamuru asisumbuliwe, arifa hunyamaza ilhali kengele aliyoitega huendelea kulia. Lakini daraja hizo zina falsafa yake. Kengele ambayo mtu alijitegea mwenyewe haizuiliki. Ujumbe wa mwenzake huzuilika. Kwa kanuni hiyo Mwindo angenyamazishwa, na Shemwindo angelala usingizi.

Upo pia upande wa lugha. Alexa, sauti ya Amazon Echo, ilianza kwa Kiingereza. Baadaye ikafundishwa Kijerumani, Kifaransa, Kihindi na Kiarabu, Kiswahili kikaachwa nje. Google ilianza kupokea imla ya Kiswahili mwaka 2017, na simu nyingi zina menyu zenye maneno kama "arifa" na "usinisumbue". Hata hivyo, kusoma neno kwenye kioo ni jambo moja, na kuamrisha kwa kinywa ni jambo jingine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mkazi wa Ntoto anayetaka spika kama hiyo ipunguze sauti hana budi kwanza kuazima lugha ya mbali. Ana sikio, bali hana sauti.

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo ya starehe za mijini. Ntoto yenyewe inakataa. Mnamo Machi 1993 soko la Ntoto lilishambuliwa, watu wakauawa, na mapigano yakaenea Masisi. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, tofauti baina ya mlio wa salamu na mlio wa hatari si pambo. Haki ya kupata utulivu ni haki ya kweli, kwani hakuna awezaye kuishi akishtuliwa kila dakika. Lakini utulivu usioacha mlango kwa sauti ya jirani mwenye shida hautofautiani sana na amri ya Tubondo.

Kwa hiyo kazi iliyopo si ya mafundi peke yao. Wanafunzi wa isimu na wa fasihi simulizi wanaweza kuanza na istilahi. Neno "arifa" limebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi, ilhali lugha ina "kengele" kwa saa iliyotegwa, "mbiu" kwa tangazo la wote, "king'ora" kwa hatari, na "mwito" kwa mtu anayemtafuta mtu. Kila neno likipewa mlio wake na daraja yake, msikilizaji ataweza kuchagua anachokizima akijua anachokizima. Katika utendi, Shemwindo anasimama mbele ya hadhara na kukiri kosa lake, kisha baba na mwana wanapatana. Aliyetaka kuizima sauti ya mwingine alilazimika mwishowe kuitumia yake mwenyewe, na watu wote wakisikiliza.