Aliikimbia karatasi moja, akaenda kubeba tisa

Matokeo ya kidato cha sita yameshatoka, na kijiwe kizima cha pale stendi kimeshamjadili yule kijana wetu wa Uru: Baiolojia D, Kemia E, Fizikia S. Wengi wanasema alibanwa na muda. Wengine wamekimbilia methali ya mshika mawili. Mimi sikubaliani na upande wowote. Kijana hakuponzwa na kushika mawili, aliponzwa na lile la pili alilolichagua, na kosa lenyewe alilifanya siku ya kujaza fomu, kabla hajafungua hata ukurasa mmoja wa kitabu cha Fizikia cha Nelkon.

Aliyoyafanya vizuri niyaseme, nisije nikaambiwa nina chuki: mwaka wa tatu wa Stashahada ya Utabibu, hana sapu hata moja, wauguzi wanamwamini wodini, na ratiba ya kuamka saa kumi alfajiri aliishika masika yote. Basi, twende kwenye fomu.

Njia za kuingia udaktari mnazijua. Ya kwanza ni ya kidato cha sita, ufaulu kamili wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa pointi zisizopungua sita, Kemia na Baiolojia kuanzia D na Fizikia kuanzia E, halafu ushindane. Ya pili ni ya sifa linganishi: uwe na stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na kwenye cheti cha kidato cha nne uwe na angalau D ya Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Kijana wetu cheti chake cha kidato cha nne kina Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Kiingereza C. Hesabu F. GPA yake ilikuwa imepita 3.5. Kwa hiyo kati yake na Chuo Kikuu cha KCMC palisimama herufi moja tu, na herufi hiyo inafutika kwa karatasi moja ya Hesabu ya saa tatu, ya mwezi Novemba, namba 041.

Sasa tazameni alichofanya. Akajiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita, PCB nzima. Karatasi tatu za Fizikia, tatu za Kemia, tatu za Baiolojia, kila somo na maabara yake. Tisa, na karatasi ya GS sijaihesabu. Yote hayo huku yuko ngazi ya 6, mwaka wa mwisho wa stashahada, ana zamu za wodi ya wazazi, ana kitabu cha kusainiwa, ana majaribio ya CA.

Kisa na maana? Nilimuuliza mwenyewe, mwaka jana, tulipokutana njiani kushuka mjini. Akaniamkia vizuri, shikamoo mwalimu, kisha akanipa hoja yake, na kusema kweli ilikuwa hoja, haikuwa utoto. Usajili wa Novemba ulikuwa umeshafungwa, kwa kuwa ule wa kidato cha nne unafanyika mwanzoni mwa mwaka. Angesubiri ufunguliwe Januari, afanye Novemba, matokeo yatoke Januari nyingine, aombe chuo Julai. Mwaka mzima umekwenda. PCB ilikuwa bado inaandikisha, mtihani ni Mei, matokeo Julai, Oktoba yuko darasani na koti jeupe. Na halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: “Isitoshe, mwalimu, Hesabu na mimi hapana.”

Hapo ndipo nilipoona mchezo mzima. Lile la mwaka lilikuwa la juu juu. Kijana alikuwa anaikimbia Hesabu, na katika kuikimbia akaenda kujificha ndani ya Fizikia ya kidato cha sita, mahali ambapo Hesabu zinaishi na familia yao yote. Aliyeshindwa na logarithimu za kidato cha nne anakwendaje kukokotoa mwendo wa satelaiti, mionzi, na saketi za umeme wa AC? Kama ni woga, basi achague mahali pa kukimbilia.

Tuifungue hiyo 041 tuone ilikuwa na uzito gani. Ina maswali 14. Sehemu A ni maswali kumi ya alama sita sita, Sehemu B ni manne ya alama kumi kumi. D ya kidato cha nne inaanzia 30. Maana yake ukilijibu kwa ukamilifu nusu ya Sehemu A, ukaiacha Sehemu B nyeupe kama ilivyochapwa, D unayo. Nani asiyeweza kuokota takwimu, seti, uwiano, na lile swali la hesabu za biashara ambalo kila mwaka wanafunzi wanaliruka kwa sababu mwalimu wao hakulifikia? Kidato cha sita D inaanzia 50, na hata E tu ni 40. Majina ya madaraja yanafanana, ndiyo yanayowapoteza watu.

Na huyu si mtoto wa kidato cha pili anayeogopa sehemu. Ni tabibu anayehitimu. Mwambie lita moja ya dripu ipite kwa saa nane, seti ni ya matone 20 kwa mililita, atakujibu akiwa bado anafunga mpira mkononi mwa mgonjwa: matone 42 kwa dakika. Elfu moja mara ishirini, gawanya kwa dakika 480. Hilo ni swali la uwiano, na kwenye 041 halikosekani. Dozi ya mtoto anaipiga kwa kilo za mwili wake bila kikokotoo. Patografu anayoichora wodi ya wazazi, yenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ni grafu yenye jira mbili kama grafu nyingine yoyote, tena yenye mteremko wa sentimita moja kwa saa. Mtu anayesoma mteremko ule saa nane za usiku na kuamua mama apelekwe chumba cha upasuaji, anakuja kuniambia Hesabu na yeye hapana! Walimu wake wa kidato cha nne walimfanyia ubaya, nakubali. Lakini miaka ya wodi ilikuwa imeshamtibu, na hakuna mtu aliyempima upya.

Benchi la ufundi nalo lilikuwa wapi? Mjomba wake, mtu mwema, alisikia neno udaktari akatoa pesa. “Mjomba, wewe komaa, ada mimi nipo.” Kituo cha tuisheni mjini kikapokea. Kituo cha tuisheni hakiwezi kukwambia unahitaji somo moja wakati kinauza matatu, na nimeandika hivyo katika safu hii mpaka wenye vituo wakanuna. Kwa sababu ni mtahiniwa wa kujitegemea hakuwa na maabara, ikabidi atafute shule ya kumfungulia Jumapili, alipie kemikali, apige taitresheni na watoto wa shule wanaomwita braza. Mama Maria Kamm enzi zake za ukuu wa shule pale Weruweru angemwita ofisini, angeiangalia ile fomu mara moja tu, kisha angemrudisha kwenye fomu ya Hesabu.

Chuo nacho nina neno nacho, na simaanishi chake peke yake, maana nimeuona mtindo huu kila mahali. Kuingia stashahada ya utabibu wanakutaka uwe na Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hesabu na Kiingereza wanaziita sifa ya nyongeza, kana kwamba ni mapambo. Kijana mwenye F ya Hesabu anaingia kwa furaha, anasoma miaka mitatu, anapata GPA ya kujivunia, halafu siku ya kuomba shahada mfumo unamkataa kwa karatasi aliyoifanya akiwa na miaka kumi na sita. Siku ya kwanza ya usajili, mtu mmoja mwenye kalamu angeweza kupita kwenye mafaili na kuwaambia wenye F: ninyi Januari mnajiandikisha 041, Novemba mnafanya, mwaka wa pili bado mwepesi. Novemba muhula ndio kwanza umeanza, hakuna mtihani karibu, zamu hazijabana. Ukitaka kupanga mtihani wa nje juu ya masomo ya chuo, hakuna mwezi bora. Mei ni katikati ya muhula wa pili, na kwa aliye ngazi ya 6 huo ni muhula wa mwisho.

Tena Mei ya huku kwetu. Aliyekaa Uru anajua barabara zinavyokuwa Aprili mvua za masika zikiwa zimeshika: bodaboda anakataa, unashuka kwa miguu viatu mkononi. Jumamosi tuisheni Majengo, Jumapili maabara, kati ya wiki zamu za kubadilishana na wenzake, akidaiwa usiku mpaka leo. Akina mama waliojifungua Jumamosi zile wameandikwa kwenye kitabu cha mwenzake.

Na msinipe ile ya muda. Kidato cha sita cha 2020 kilifungiwa shule Machi 17 kwa ajili ya korona, kikarudi Juni 1, kikaingia kwenye pepa Juni 29. Wiki nne tu, baada ya miezi zaidi ya miwili ya kukaa nyumbani. Wapo waliotoka na daraja la kwanza na sasa wako wodini. Walikuwa na mzigo mmoja, na ulikuwa mzigo wao.

Waliojua kupanga safari walikuwa wale wa zamani, waliopita njia ya AMO. Unamaliza utabibu, unafanya kazi miaka isiyopungua mitatu, unarudi shule miaka miwili, unatoka daktari msaidizi unayepasua. KCMC yenyewe iliwafundisha. Wakazalisha kwa upasuaji hospitali za wilaya ambako daktari mwenye shahada alikuwa anasikika tu. Watafiti walipolinganisha kazi yao na ya madaktari huko Mwanza na Kigoma, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha tofauti ya maana kwa mama wala kwa mtoto. Njia ile tukaifunga, tukasema kila mtu aende shahada. Sawa. Lakini tuliifunga bila kuweka kibao cha kuonyesha njia nyingine inapita wapi, na huyu kijana ni mmoja wa waliopotelea kwenye makutano hayo. Tabibu wa zama zile asingefikiri kurudi PCB. Alijua kazi yake ndiyo ngazi yake.

Kuna atakayeniuliza: je, kama Fizikia ingekuwa E? Bado mlango wa KCMC usingefunguka: Kemia E haitoshi, na D, E, E ni pointi nne tu. Wakati GPA aliyokuwa nayo, ingekuwa imelindwa, ilikuwa ya kushindania nafasi. Silaha aliyokuwa nayo mkononi aliiweka chini ili akatafute nyingine.

Hasara sasa inahesabika. Fomu za 041 zilifunguliwa Januari yeye akiwa amezama kwenye vitabu vya Chand, akazipita. Novemba ijayo hayumo. Atajiandikisha Januari, afanye Novemba ya mwaka kesho, aombe chuo Julai ya mwaka unaofuata. Angesubiri tu, angeomba Julai mwakani. Mwaka aliotaka kuuokoa ameulipa, na juu yake CA za muhula huu zimelegea.

Agosti ana mitihani ya kumaliza. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyo mbele yake kwa sasa, maana GPA ikitelemka chini ya 3.0 hata A ya Hesabu haitamfaa kitu kwa mlango ule. Arudishe zamu anazodaiwa, akae wodi ya wazazi, amalizie sahihi zake. Nasikia ile jioni ya matokeo mjomba wake alishapiga simu kituo cha tuisheni, anaulizia PCB ya Mei ijayo ni shilingi ngapi.