Neno la dada: ukoma na undugu katika riwaya ya Moloka'i

Undugu ni kufaana si kufanana, walinena wahenga. Methali hii twaitamka kila matangani, ila ni nadra kukutana na riwaya inayoitia mizanini kama Moloka'i (2003), ya mwandishi Mmarekani Alan Brennert.

Mandhari ni Hawaii. Mwaka wa 1865 Mfalme Kamehameha V alitia saini sheria ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Mwaka uliofuata wa kwanza wao wakashushwa kisiwani Molokai, kwenye rasi yenye bahari mbele na jabali nyuma, iliyokuja kujulikana kwa jina la makazi yake: Kalaupapa. Watu wapatao 8,000 walipelekwa huko kabla ya utengano huo kukomeshwa 1969. Si ajabu Wahawaii waliuita ukoma ugonjwa unaotenganisha.

Rachel Kalama angali mtoto anapochukuliwa. Na nani aliyemfichua? Si daktari, si jirani. Ni dadake, Sarah. Wanagombana tu kama watoto wagombanavyo, hasira zinapanda, Sarah anaropoka hadharani kwamba mwenziwe ana ukoma. Basi! Neno limetoka, halirudi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo riwaya inapopata uzito wake: serikali inatenga, lakini ulimi wa nyumbani ndio unaofungua mlango.

Kule Kalaupapa, Rachel analelewa na Haleola, mganga wa jadi asiye damu yake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Baadaye yeye mwenyewe anazaa, na mtoto, Ruth, anaondolewa mikononi mwake kwa amri ya sheria. Ruth analelewa na familia ya Kijapani, kisha anajikuta kizuizini Manzanar wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Uhamisho wa mama unamrudia binti kwa jina jingine.

Kasoro zipo. Kupinduliwa kwa Malkia Liliuokalani 1893 kunabaki kwa mbali, na sehemu ya mwisho inakimbia mno. Hata hivyo, Rachel anapopona na kumtafuta Sarah uzeeni, tunagundua kuwa msemaji wa lile neno naye aliishi uhamishoni, ndani ya majuto yake.

Sasa hebu turudi kwetu. Kiswahili kina ukoma, matana na jedhamu. Kina pia "mkoma", neno linalomgeuza mtu kuwa ugonjwa wake. Sema "mtu mwenye ukoma" uone: utu umetangulia, maradhi yamefuata. Wanaodai hayo ni mapambo tu ya lugha wamsome Sarah.

Nasi tulikuwa na Alupe, kule Busia, ambako watu wenye ukoma walitibiwa mbali na jamaa zao. Nani atatuandikia riwaya yao?