Kigurudumu Kando ya Breki ya Mkono

Ukisema "Boxer" pale Sake, kwenye njia panda ya Masisi na Minova, utaletewa pikipiki. Ni ya Bajaj, inabeba abiria wawili na gunia la maharage juu, na inafika mahali ambapo jeep imeshagonga mwamba. Fundi wa Subaru naye ana boxer yake: injini ambayo silinda zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikirusha ngumi kama mabondia. Mashine hizo mbili hazina undugu wowote. Lakini kama ningetakiwa kumweleza mtu Impreza WRX STI ni gari la namna gani, au ndugu yake wa upande wa pili, Mitsubishi Lancer Evolution, ningempeleka kwenye njia hiyo hiyo: inapanda kutoka Sake hadi malisho ya Masisi, halafu inashuka msituni kuelekea Walikale. Vijana wa Goma wanayasifu magari haya kwa spoila na mlio wa ekzosi. Yalitengenezwa kwa ajili ya njia mbaya, na sehemu zinazofanya kazi hiyo ndizo wasizozitazama kabisa.

Niseme mapema: sijawahi kuona Impreza ikienda Walikale, na simshauri mtu ajaribu. Tumbo lake liko chini mno. Kule hata Fuso hulala kwenye potopoto siku kadhaa, na pale Kilambo ndege zilizoea kutua juu ya kipande cha lami cha barabara kuu kuchukua kasiterite, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie, kwa kuwa kuiruka njia kulikuwa rahisi kuliko kuipita. Hapa nazungumzia ufundi tu.

Ushahidi wa ufundi huo uko Kenya. Kuanzia 1996 hadi 2001 Safari Rally ilifanyika mara sita, na mara tano ilichukuliwa na magari haya mawili. Tommi Mäkinen alishinda na Lancer mwaka 1996 na 2001. Richard Burns alishinda 1998 na Carisma GT, ambayo kwa hakika ni Lancer Evolution iliyobandikwa jina jingine. Colin McRae alileta ushindi wa Impreza mwaka 1997, Burns akaurudia mwaka 2000. Ni 1999 tu Ford ilipopenya. Hata hivyo mimi napenda zaidi matokeo ya 1994, Mkenya Patrick Njiru alipomaliza wa nne na Impreza ya Kundi N, daraja la magari yanayokaribia kabisa yale ya dukani.

Neno "dukani" ndilo linalofungua fumbo lote. Sheria ya Kundi A, daraja la juu wakati huo, ilisema: kama unataka kushindana na gari, tengeneza kwanza 2,500 ya namna hiyo. Kwa hiyo wahandisi walichukua vitu walivyovihitaji kwenye mashindano wakavifungia ndani ya sedani ya milango minne ambayo mwalimu angeweza kwenda nayo kazini. Mnunuzi alilipia vifaa asivyoviomba, na mara nyingi hakuambiwa ni vya nini.

Kijana mmoja wa Goma alileta STI yake kwa fundi ninayemfahamu, akilalamika kwamba gari "linagoma kona." Akikata usukani kuingia uani, gurudumu la mbele linaruka-ruka na kitu kinanguruma chini ya sakafu. Alikuwa tayari ameshabadilisha ekseli moja bure. Fundi hakuweka hata jeki. Aliingia, akatazama dashibodi, akacheka, kisha akapeleka kidole kwenye kigurudumu kidogo chenye meno kilichokaa kando ya breki ya mkono, akakirudisha nyuma hadi taa ya dashibodi ikashuka. Gari likaingia uani kimya. Kijana alidhani kile kigurudumu ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Alikuwa amekisukuma mbele hadi mwisho miezi mingi iliyopita, akakisahau.

Kile ndicho kiungo cha thamani kuliko vyote katika gari lile. Gari la namna hii, linaloendeshwa kwa magurudumu manne muda wote, lina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya katikati inayogawa nguvu kati ya hizo mbili. WRX ya kawaida yenye gia za mkono hugawa nusu kwa nusu, na difu yake ya katikati hudhibitiwa na kikopo chenye visahani na mafuta mazito ya silikoni: magurudumu ya upande mmoja yakianza kuteleza, mafuta yanakaza, nguvu inahamia upande wa pili. Kikopo hicho kinajiamulia chenyewe, na kinachelewa kidogo. STI yenye kigurudumu ni habari nyingine. Difu yake ya katikati imejengwa kwa gia za sayari, na katika zile za mwanzo nguvu ilipelekwa asilimia 35 mbele na 65 nyuma. Juu yake kuna klachi ya sumaku ya umeme. Dereva akisukuma kigurudumu, umeme unaongezeka, sumaku inabana, na mbele na nyuma vinafungwa pamoja hadi vizunguke kama kitu kimoja. Kwenye tope la Nyabiondo ungeitaka imefungwa. Kwenye lami ya Goma, au kwenye uwanja mkavu wa kona kali, ungeitaka wazi, la sivyo gari litagoma kona kama lilivyomgomea yule kijana, kwa sababu magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma na hayana pa kuiachilia tofauti hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo karibu hakuna anayelijua: ukivuta breki ya mkono, difu ya katikati inajiachia yenyewe. Wahandisi walijua kwamba dereva wa mashindano huvuta hiyo breki ili kugeuza mkia kwenye kona ya msumari, na mkia hautageuka kama magurudumu ya nyuma yamefungwa na ya mbele. Swichi ndogo sana, na akili nyingi ndani yake.

Hapo ndipo unapoelewa pia kwa nini tairi za Goma zinaua magari haya. Mawe ya lava yanakata ubavu wa tairi kama kisu, mtu ananunua moja ya mtumba, saizi ile ile imeandikwa ubavuni, anaifunga na kuondoka. Lakini tairi mpya na iliyolika hazina mzunguko sawa. Tofauti ya milimita chache tu inaifanya difu ya katikati ifanye kazi kila mita ya safari, kana kwamba gari linakata kona kutoka Goma hadi Rutshuru. Kile kikopo cha silikoni kinapata moto hadi kinakufa. Fundi wangu hupima kwa kamba: anazungushia kila tairi, anaweka fundo, anazilinganisha kamba nne. Sijaona kipimo kizuri zaidi.

Turbo nayo ina hoja yake huku. Kwenye vilima vya Masisi, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kwa takriban moja ya tano, na injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Bei yake ni joto. Kwa hiyo kuna intakula ya kuipoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda, na hapa ndugu wawili wanatofautiana. Mitsubishi waliiweka mbele kabisa nyuma ya bampa, inakopata upepo mwingi. Subaru wakailaza juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kwenye mashindano ya lami ningechukua ya Mitsubishi bila kufikiri. Kwenye potopoto naipa Subaru, maana intakula ya bampani hujaa tope na kupigwa mawe, na ya juu hubaki safi, ingawa hunyonya joto la injini lori likikukwamisha mbele. Ndiyo maana kuna kitufe cha kuinyunyizia maji. Wengi hukidhani ni swichi ya kuosha kioo, wanaacha tangi lake likauke.

Tatizo halisi la turbo kwetu si mwinuko, ni petroli. Injini za soko la Japani zilipangiwa oktani 100. Kadhafi, yule muuza petroli wa barabarani mwenye chupa zake na faneli, hana habari hiyo. Kihisi cha mgongano kitasikia mlipuko wa ovyo ndani ya silinda na kompyuta itachelewesha cheche. Gari litapona, lakini nguvu uliyolipia imekwenda.

Na ile kofia ndogo juu ya paa? Ilikuja kwenye Type RA, toleo la Impreza la msingi wa mashindano. Watu wanauza ya plastiki, wanaibandika kwenye Premio kwa gundi. Ya kweli ina mlango mdogo unaofunguliwa kwa ndani. Madereva walikimbia madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Hewa iliyoingia kwa nguvu kutoka juu, mahali vumbi ni kidogo, iliongeza mgandamizo ndani ya gari na kulizuia vumbi lisipenye kwenye nyufa za milango. Mtu yeyote aliyepita Kitchanga mwezi wa saba ndani ya taksi iliyofungwa na bado akashuka mwekundu ataona faida yake mara moja.

Type RA ya Subaru na RS ya Mitsubishi ndizo zilizokuwa msingi wa magari ya mashindano, na zinaonekana maskini. RS ilikuja na rimu za chuma, bila redio, bila madirisha ya umeme. Kwenye Evolution IV ya 1996 Mitsubishi waliweka difu ya nyuma ya kielektroniki inayosukuma gurudumu moja zaidi ya jingine kwenye kona, kazi ya ajabu. RS wakainyima na kuipa difu ya kubana ya kimakanika, kwa kuwa timu zilitaka kitu ambacho fundi angeweza kukifungua porini kwa spana. Mäkinen alishinda Safari ya 2001 na Lancer ya Kundi A, wakati wapinzani wake walikuwa wameshahamia sheria mpya ya 1997 iliyoruhusu gari la mashindano liachane na la dukani. Hakuna Kundi A nyingine iliyoshinda raundi ya ubingwa wa dunia baada yake.

Yule kijana wa kigurudumu nilimwonyesha picha ya RS nikamuuliza kama angebadilishana. Alikuza picha hadi mlangoni, akaona mkono wa kuzungushia kioo.

"Kaka," aliniambia, "hii si ni taksi?"